Nyumba ya Paa la Buluu Kando ya Reli

Jumapili, jioni. Joto limeingia ndani ya nyumba tangu asubuhi na halina mpango wa kutoka. Mawingu yamejazana juu ya milima ya Nandi, lakini huku Migosi, Kisumu, hatujaona hata tone. Nimekaa sebuleni, shati limenishika mgongoni, na mlango wa kile chumba nimeufunga.

Wale mnaokuja kwenye blogu hii kuangalia picha za injini ndogo, leo hakuna picha. Mniwie radhi. Leo naandika kwa sababu nina aibu, na nikiiweka tumboni hadi kesho itanichachia.

Wacha nianze na raha. Bila raha hii aibu isingepata njia ya kuingia.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia katika kliniki moja hapa mjini. Kazi yangu ni plasta, nta na visu vidogo. Siku nzima natengeneza ufizi wa mtu ambaye sitamwona akicheka. Mikono ikishazoea vitu vidogo haitaki tena kurudi kwa vikubwa. Jioni nikitoka kazini naingia kwenye chumba ambacho mke wangu, Mama Teddy, huwaambia wageni kuwa ni stoo. Ndani ya hiyo stoo kuna milango miwili ya zamani niliyoilaza juu ya stuli, na juu ya hiyo milango nimejenga reli.

Reli yenyewe ni nyembamba, inazunguka mashamba ya miwa. Miwa nimeitengeneza kwa nyuzi za ufagio, nikazipaka rangi ya kijani moja moja, hadi Mama Teddy akauliza nyumba hii sasa itafagiliwa na nini. Kuna mizani ya kupimia mzigo, kuna daraja la mto, kuna kilima cha plasta ileile ninayomwagia meno kazini. Vigari vya miwa vina kulabu za waya. Na mbele ya vigari kuna injini yenyewe: fupi, ya mraba, magurudumu manne, paa la bati, bomba la moshi limepinda.

Jameni, hizi injini ndogo mimi nazipenda. Treni kubwa ya abiria ina wenyewe. Watu huipungia mikono, huipiga picha, na ikichelewa hutajwa kwenye taarifa ya habari. Injini ya kiwandani nani anaijua? Inatoka shambani inaenda kiwandani, inarudi shambani, basi, na hakuna aliyejisumbua kuifanya ipendeze. Lakini iangalie ikivuta mzigo unaoizidi. Inatetemeka kwanza, kulabu zinashikana moja baada ya nyingine, tak, tak, tak, hadi gari la mwisho, halafu mzigo wote unakubali kwenda. Mimi hapo huwa nacheka peke yangu. Mtu mzima, kipara kimeanza, nacheka na injini inayotosha kwenye kiganja.

Mota yake niliitoa kwenye redio ya kaseti iliyokufa. Reli nilizipata sokoni Kibuye, kwenye mfuko wa mitumba ya watoto, zimechanganyika na wanasesere wasio na vichwa. Yule mama muuzaji aliniuliza mtoto wangu ana umri gani. Nikamjibu bado ni mdogo.

Sasa mkisema ni mchezo tu, sikatai. Lakini hiyo injini sikuibuni. Ni ya baba.

Baba aliendesha injini kama hiyo kwenye mashamba ya miwa upande wa Muhoroni, wakati mimi na Odhiambo tukiwa wadogo. Odhiambo ni mdogo wangu, amenifuata mgongo. Shule zikifungwa tulitoka nyumbani Seme, mbele ya Kombewa, tukaenda kukaa na baba kwenye nyumba za wafanyakazi. Injini waliiita Nyathi, yaani mtoto, kwa sababu ya ule ufupi wake. Mbele ilikuwa imebonyea pale ilipomgonga fahali wa mtu. Mvua ikinyesha reli ziliteleza, na baba alimpa Odhiambo ndoo ya mchanga akae mbele, amwage kidogo kidogo kwenye reli ili magurudumu yashike. Mimi nilipewa kengele. Tulijiona wanaume ajabu.

Baba tulishamzika. Zile reli ziling'olewa zikaenda na watu wa vyuma chakavu. Kwenye meza yangu vyote bado vipo.

Hiyo ndiyo raha. Sasa mnisikilize vizuri.

Kwetu Wajaluo kuna mambo ambayo ukiwa mjini unaweza kuyacheka, lakini ukifika nyumbani unayanyamazia. Kijana akikua anajenga simba, kile kinyumba chake karibu na lango la boma la baba yake. Akishaoa na kupata watoto, anatakiwa atoke aanzishe boma lake mwenyewe, dala yake. Wa kwanza hutoka kwanza. Mdogo hawezi kumruka mkubwa wake. Akimruka, wanasema ameleta chira, mkosi wa mwiko uliovunjwa, na hapo hata mtoto akipata mafua watu wataangaliana.

Mimi ndiye wa kwanza. Mimi sijatoka.

Odhiambo ana mke na watoto na bado anakaa kwenye simba aliyoijenga ndevu hazijamwota. Mtoto wake mkubwa analala jikoni kwa mama yetu, maana amekua na hawezi tena kulala chumba kimoja na wazazi wake. Kiwanja cha Odhiambo kipo, amekipanda mihogo akisubiri. Matofali ameyachoma mwenyewe, sasa yameota nyasi. Anachosubiri ni mimi tu.

Na si kwamba natakiwa nijenge jumba. Hapana. Tunatoka alfajiri, baba mdogo yuko mbele kwa niaba ya marehemu, mimi nimebeba shoka, Mama Teddy amebeba moto, Teddy wetu ameshika jogoo, tunakwenda kwenye kiwanja na kusimamisha kanyumba ka kulala usiku huo. Hata kakiwa ka miti na bati kuukuu, kamekubalika. Kesho yake Odhiambo yuko huru.

Ni kazi ya siku moja!

Kila mwaka nilisema Disemba. Disemba ikifika, mtoto ana mtihani, au goti linaniuma, au mvua imezidi. Huko nyumbani mama hufuga jogoo wa siku hiyo, hamgusi mtu. Jogoo anazeeka bila kuona safari, anachinjiwa wageni, anawekwa mwingine.

Mwaka huu nilijipita mwenyewe. Nilikwenda kwa daktari mwenye kliniki yetu, mama mpole asiyejua kupandisha sauti, nikamwomba likizo nikahamie boma langu. Alifurahi kama ni yeye anayehama. Akanipa siku zote nilizoomba na akaniambia nimletee picha. Nikatoka pale nikapiga simu nyumbani, nikasema daktari amekataa.

Ndivyo nilivyosema. Daktari amekataa, nifanyeje, kazi ni ya watu.

Mnataka sababu? Daraja lilikuwa halijaisha. Nimezunguka na hii sababu tangu jana nikitafuta nyingine yenye heshima kuishinda, na sijaipata. Nimejiambia kwamba naogopa kutoka kwa baba kwa sababu nikitoka lile boma litabaki la mjane na kaburi. Ni kweli, lakini kidogo. Nimejiambia pia kwamba nyumbani kila mtu ana maneno, lango liangalie huku, mlango ukae kule, na kwenye meza yangu nyumba inakaa nilipoiweka. Hiyo nayo ni kweli kidogo. Ukweli wenyewe ni wa kitoto. Nilikuwa nafurahia, na sikutaka kuacha.

Mama Teddy nilimwambia tutakwenda wiki ya pili ya likizo. Aliniangalia tu. Halafu siku moja akiwa amesimama mlangoni mwa stoo akaniuliza, "Baba Teddy, nikifa leo mtanizika wapi? Kwa boma ya mama yako, kama mgeni?" Nikacheka. Nikamwambia anipe ile gundi iliyo nyuma yake.

Alinipa gundi. Hilo linaniuma leo kuliko siku ile.

Nyumbani nako mama hakukubali kushindwa na daktari. Aliwaambia kina mama wa kanisani kwamba mwanawe ana mdosi, bosi wa kazini, mwenye moyo mgumu, hataki mtu ajenge kwao. Wakamweka kwenye maombi. Wengine walifunga. Mama mwenyewe alinieleza kwa simu, na mimi nikiwa nimeshika brashi ya rangi mkononi nikasema amina.

Haki ya nani, nilisema amina.

Maombi yalipoonekana kuchelewa, wakapanga kutuma mtu. Jana asubuhi Odhiambo aliamka, akamfunga jogoo miguu, yule jogoo wa kuhama, akavaa koti lake la kanisani na kuja Kisumu kumwangukia daktari wangu ili anipe ruhusa.

Mimi sikujua lolote. Jana mchana nilikuwa kwenye stoo najaribu daraja. Nilikuwa nimefunga dirisha ili upepo usilaze miwa, na mota ina kelele, kwa hivyo sikusikia mlango. Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Bila kugeuka nikasema, "Mama Teddy, weka chai hapo."

"Ni mimi, omera," akasema Odhiambo. Omera, ndugu yangu.

Niliruka nusura niivunje mizani. Nilikuwa nimevaa kaptura na fulana yenye madoa ya plasta, na mkononi nimeshika muwa mmoja wa ufagio. Yeye amevaa koti, viatu vimepigwa rangi, mikono mitupu. Nilianza kusema kitu kuhusu siku ya mapumziko, kwamba leo ni Jumamosi, kwamba daktari huwa anatuachia Jumamosi. Alikuwa hanisikilizi.

Alikuwa anaangalia injini.

Nilijua kwa uso wake kwamba alikuja na maneno mdomoni, na yalikuwa yamemtoka. Akasogea, akainama, koti likagusa meza. Injini ikapita mbele yake na vigari vyake, tak, tak, tak. Akasema polepole, "Hii si Nyathi?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na hapa ndipo iligonga ng'ombe ya yule mzee." Akagusa ule mbonyeo kwa ukucha. Halafu akacheka kwa sauti, kicheko cha utoto wetu kabisa, "Wuoyi! Hata ndoo yangu umeweka!"

Ndiyo, nilikuwa nimeiweka. Ndoo ya mchanga, ndogo kuliko punje ya hindi, nimeichonga kwa mabaki ya jino. Nilijivunia hiyo ndoo. Nikamwonyesha jinsi ya kuongeza mwendo na kupunguza. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akavuta stuli. Tukacheza. Sina neno lingine. Wanaume wawili wenye wake tulicheza treni, yeye akiendesha na mimi nikipakia miwa, yeye akiniambia tulia mzee anakuja, mimi nikiiga sauti ya baba akifokea watu wa mizani. Tulicheka hadi Mama Teddy akaja kuchungulia. Yeye hakucheka. Alimwangalia Odhiambo, akaniangalia mimi, akarudi jikoni.

Nilidhani nimepona. Mungu anisamehe, nilikaa pale nikidhani nimepona.

Treni ikavuka daraja, ikaingia kona ya nyuma. Kwenye hiyo kona niliweka nyumbani. Ukweli wa ardhi ni kwamba Seme na mashamba ya miwa ziko mbali, moja huku na nyingine kule, lakini kwenye meza yangu ni majirani. Odhiambo akaifuata treni kwa macho, akaliona boma. Akapunguza mwendo, akasimamisha.

Akaanza kuvitaja. Nyumba ya mama, hii hapa. Kaburi la mzee, hata msalaba upo. Lango. Simba yangu mimi. Simba yake yeye, hata lile bati lililokunjwa na upepo nimelikunja. Alikuwa bado anatabasamu. Halafu kidole chake kikatoka nje ya ua, kikapanda mteremko, kikafika kwenye nyumba yenye paa la buluu. Ina madirisha ya plastiki na veranda. Ina lango lake na ua wake wa miti ya euforbia niliouchonga kwa siku nyingi kwa kijisu cha kazini.

"Na hii ni ya nani?"

Alikuwa anajua. Alitaka niseme.

"Yangu," nikasema.

"Kwa hivyo umeshahama."



Kidole kikatoka kwenye nyumba yangu kikashuka kidogo, pale ambapo kiwanja chake kipo, pale penye mihogo. Pale mimi nilikuwa nimelaza reli ya pembeni, ya kuegeshea vigari vitupu. Nilihitaji nafasi. Upande ule mwingine ungeingilia kilima, na kilima kilikuwa kimetoka vizuri, sikutaka kukivunja. Naapa kwamba sikuwahi kufikiria pale ni kwa nani. Hilo ndilo baya lenyewe, kwamba sikufikiria.

"Ndoo yangu umeikumbuka," Odhiambo akasema. "Na nyumba yangu je?"

Hakupandisha sauti. Angenipiga ningeshukuru.

Akasimama, akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote. Ndipo akaniambia alikotoka. Alikuwa amepitia kliniki kwanza. Daktari alimpokea vizuri, akamkalisha, akamletea soda, na kabla hajafungua mdomo daktari akamwambia, "Wewe ndiye ndugu ya Ochieng! Ujenzi unaendaje huko nyumbani?"



"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Ningemjibu nini, omera? Niseme kaka yangu ni mwongo, mbele ya mtu anayemwandika kazi?" Akapangusa vumbi la plasta kwenye kiwiko cha koti. "Nikasema inaendelea vizuri, tumefika kwa lenta, pale juu ya madirisha. Nikampa ile jogoo. Nikamwambia ni ya asante, imetoka kwa mama."

Halafu akatoka. Chakula kilikuwa mezani, Mama Teddy alikuwa amepika samaki na ugali wa wimbi anaoupenda Odhiambo, lakini hakukaa. Alisema gari za kwenda Kombewa zitajaa. Mama Teddy ndiye aliyemsindikiza hadi stendi. Mimi nilibaki nimesimama kwenye stoo na kaptura yangu, na ile treni imesimama pale alipoisimamisha.

Mama Teddy aliporudi alikula samaki wake, akaosha sahani yake, akaniachia yangu.

Sasa leo.

Leo mchana mama alipiga simu kutoka nyumbani, anatoka kanisani, anahema, nyuma yake nasikia watu. Odhiambo alikuwa amefika jana jioni na kumwambia neno moja tu: daktari amekubali. Alinisitiri hata kwa mama yetu. Na mama akalichukua hilo neno akalipeleka kanisani asubuhi hii. Wametoa shukrani. Wamesimama kina mama wote walioomba, wameimba, mchungaji amesema mnaona, hakuna moyo mgumu mbele za Mungu.

"Ochieng, tumeimba!" mama ananiambia. "Ungesikia! Hata sauti imenitoka!"

Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu mwaka huu sijawa mkweli mahali pengi. Nilikuwa tayari kunyamaza. Odhiambo alikuwa amenitengenezea njia, mama ana furaha, daktari ana jogoo wake, mimi bado nina wiki ya likizo, ningekwenda kesho na kuhama na hakuna ambaye angejua isipokuwa watu watatu: mimi, Odhiambo na Mama Teddy. Nilifungua mdomo kusema amina kwa mara ya pili.

Mama Teddy alikuwa ameketi pale kwenye kochi akikunja nguo. Aliacha kukunja.

Nikasema, "Mama, daktari hakukataa. Hajawahi kukataa. Ni mimi nilidanganya."

Nilisikia mama akiwaambia wale watu watangulie. Nikasikia hatua zake, na kuku, na kiti kikivutwa. Nikamweleza yote. Nilimweleza likizo, nikamweleza simu, nikamweleza na treni, ingawa hakuna namna ya kumwambia mama wa watu kwamba alifunga na kuomba kwa ajili ya daraja la kuchezea.

"Min Akinyi ana vidonda vya tumbo," mama akasema. Min Akinyi ni jirani yake, wanaimba pamoja. "Ana vidonda vya tumbo, Ochieng, na alifunga."

"Nisamehe, mama."

"Mimi si yule wa kukusamehe. Mdogo wako ndiye wa kukusamehe." Akavuta pumzi. "Kesho unakuja. Na Jumapili utasimama mbele ya wale kina mama useme wewe mwenyewe. Mimi sitasema. Mimi nimeimba tayari."

Nikasema nitasimama.

"Na jogoo mwingine sina," akasema. "Niliyekuwa naye nilikufugia wewe. Yuko kwa daktari. Nenda ukamwombe, na umwambie ni kwa nini."

Nilijaribu kumwambia kwamba nitanunua mwingine hapo Kombewa sokoni, mkubwa kuliko yule. Nikasikia simu imekatwa. Mama yangu hajawahi kunikatia simu maishani mwangu.

Nilimpigia Odhiambo simu. Aliichukua ikiwa karibu kunyamaza. Nikamwambia nimeshasema kwa mama, nikamwambia nakuja kesho. Akauliza, "Kesho gani?" Nikasema kesho Jumatatu. Akasema, "Haya," na hakuongeza kitu. Ile haya nimekuwa nikiipima tangu mchana, sijui ina uzito gani. Nadhani ataniamini akiniona langoni, si kabla.

Baada ya hapo nilifungua stoo. Sikuwasha treni. Nilichukua kijisu na kung'oa ile reli ya pembeni, kipande kwa kipande, na vigari vitupu nikavipanga ndani ya sanduku. Chini yake plasta imebaki nyeupe, ina alama za reli. Nilifikiri nimtengenezee nyumba pale, nina bati na nina rangi, ningeimaliza kabla ya chakula. Nikaona ni ujinga uleule umerudi. Nyumba yake ataijenga mwenyewe, na matofali yake. Pale patakaa peupe.

Halafu nikaing'oa na ile yangu ya paa la buluu. Ilikuwa imeshika, nilikuwa nimeibandika kwa gundi nyingi. Iko mfukoni mwa shati ninapoandika, inanidunga kila nikiinama. Mama Teddy ameniona nikiitoa. Ameuliza tu kama shoka tutanunua hapa au kule. Nikamwambia hapa. Ameshaanza kumtafutia Teddy viatu vya kutembelea kwenye umande.

Mvua imeanza upande wa milima, nasikia harufu yake, huku bado.

Nyathi nimemwacha pale kwenye kona, mbele ya boma la baba, na ndoo ya mdogo wangu kichwani. Siwezi kusema nimeacha kuipenda. Nikirudi nitaipenda tena, najijua. Lakini sitaweza tena kusikia zile kulabu zikishikana bila kukumbuka kidole kikishuka kwenye mteremko kikitafuta nyumba ambayo haipo.

Daktari anafungua kliniki mapema. Nitakuwa mlangoni kwake kabla hajaweka mkoba chini. Ataniuliza lenta, ataniuliza picha, na nitamwambia. Sijui kama yule jogoo bado yu hai, maana Jumapili watu hula kuku. Akiwa hai, nitamwomba. Akiwa ameliwa, nitasimama palepale nimweleze aliyeliwa alikuwa jogoo wa safari gani.